Baba alinisomesha kwa papa, sasa nimeitwa Afrika Kusini nikawatafiti

BARUA

Asalaam aleykum Mama Mshauri, na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 25, mzaliwa wa kisiwa cha Mafia. Nakuomba usitaje jina langu wala la kijiji, maana huku sote tunajuana.

Baba yangu ni mvuvi wa jarife, ule wavu wa macho makubwa ambao kinachonasa zaidi humo ni papa na taa, yule samaki bapa. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye wavu huo, na ya chuo pia, pale mkopo wa serikali ulipoishia. Nyama ilipasuliwa, ikatiwa chumvi na kuanikwa ikawa ng'onda wa kupelekwa Dar es Salaam na Unguja. Mapezi yalichukuliwa na mawakala. Ini baba alilichemsha mwenyewe uani akatoa sifa, yale mafuta ya kupaka vyombo vya baharini, na mimi nimekwenda shule miaka yote sare zangu zikinuka sifa. Sioni haya kulisema hilo. Wavuvi wenzake baba pale kijijini, hakuna hata mmoja ambaye mtoto wake amefika chuo kikuu.

Nilisomea sayansi ya viumbe wa majini. Huko ndiko nilikojifunza mambo ambayo nyumbani hayazungumzwi: kwamba papa hazai kama dagaa. Wengi huchelewa kukomaa, hubeba mimba ndefu na kuzaa wachache. Papa mweupe jike, kwa makadirio ya watafiti, hufika miaka 30 na zaidi ndipo anakomaa. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba zaidi ya theluthi ya aina zote za papa na taa duniani ziko katika hatari ya kutoweka, na sababu kubwa ni kuvuliwa kupita kiasi. Kila nilipokuja likizo nikawa nayaona hayo ndani ya mashua ya baba. Nimewahi kumshika papa nyundo wa urefu wa mkono wangu, tundu la kitovu tumboni bado halijaziba. Mtoto wa siku chache tu. Nikanyamaza, kwa sababu hicho ndicho chakula chetu cha jioni na ndiyo ada yangu.

Tangu nimalize chuo sijapata kazi ya kudumu. Napata vibarua vya kuandikisha takwimu za samaki dikoni, pale mashua zinaposhushia samaki, na ukifika msimu wa papa potwe, yule papa mkubwa kuliko wote mwenye madoa, Oktoba hadi Machi hivi, huitwa kufuatana na boti za wageni wanaokwenda kuogelea nao Kilindoni. Nimeomba kazi, nimeomba nafasi za masomo nje, jibu ni lile lile: uzoefu wa utafiti hauonekani.

Sasa nimepata nafasi. Mradi mmoja wa utafiti na uhifadhi wa papa huko Gansbaai, Afrika Kusini, umenikubali nikajitolee kwa miezi 2. Mama, jina la Gansbaai nalisikia tangu chuoni. Afrika Kusini ndiyo nchi ya kwanza duniani kumlinda papa mweupe kwa sheria, mwaka 1991. Na ni hapo Gansbaai ndipo papa jike aliyepewa jina la Nicole alipofungwa kifaa cha kufuatiliwa mwaka 2003. Alikwenda hadi Australia akarudi, zaidi ya kilomita 20,000, kwa muda usiotimia miezi 9. Nilisoma habari zake maktaba nikasema iko siku nami nitapanda boti pale.

Lakini huko anayejitolea ndiye anayelipa. Malazi, chakula na boti ni dola 3,000. Ukiongeza nauli ya ndege, bima na mavazi ya baridi, inakaribia shilingi milioni 10. Mwisho wa mwezi huu natakiwa nitume amana, na amana hairudishwi.

Pesa nyumbani zipo, na hapo ndipo penye mgogoro. Baba na kaka wamekuwa wakidunduliza wanunue mashine ya mashua. Mashine wanayotumia sasa ni ya tajiri, kwa hiyo samaki wote wauzwe kwa tajiri, kwa bei ya tajiri, na fungu lake linatoka kwanza. Mama anasema pesa nipewe mimi, na pakipungua atauza bangili zake za dhahabu. Kaka ameacha kunisemesha. Baba mdogo anasema msichana ambaye hajaolewa hawezi kwenda kulala nchi ya watu na kupanda boti na wanaume asiowajua. Baba mwenyewe alisema mara moja tu: "Watu wanalipwa kwenda baharini, wewe unataka kulipa. Tena unakwenda kufundishwa kwamba baba yako ni muuaji." Tangu siku hiyo hatujalizungumza tena.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Nikichukua pesa naona nimewadhulumu baba na kaka. Nikiziacha, zinanunua mashine itakayowapeleka mbali zaidi kutega jarife, na mimi nitakuwa nimechangia. Halafu picha za mradi nimezitazama zote. Wanaojitolea ni vijana wa Ulaya na Marekani, sijaona hata mmoja anayefanana na mimi. Kuna siku nafurahi kwamba nitakuwa wa kwanza, na kuna siku naogopa. Nifanye nini, Mama?

Mtoto wa Mvuvi, Mafia

JIBU

Waaleykum salaam mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Nikikusikia vizuri, umebeba mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Kuna pesa, ambayo ni moja na inadaiwa na safari na mashine kwa pamoja. Na kuna baba, ambaye kazi yake ndiyo iliyokufikisha mahali pa kuitazama kazi hiyo hiyo kwa jicho jingine. Umeniuliza ufanye nini. Hilo utaliamua wewe na wazazi wako, lakini kuna maneno umeyaandika kana kwamba yamekwisha thibitika, na mimi ningependa tuyatazame kabla hujatuma amana.

Nianze na baba, maana naona ndiye anayekuuma kuliko hizo dola 3,000. Umeandika kwamba alisema unakwenda kufundishwa kuwa yeye ni muuaji. Je, wewe uliwahi kumwambia hivyo? Kwa barua yako, hapana. Ulinyamaza. Lakini mwanangu, mzazi anayekuona umemshika mtoto wa papa nyundo, umekitazama kitovu chake kisha umemrudisha chini bila kusema kitu, anasoma. Huenda baba hadharau safari yako hata kidogo. Huenda anaogopa kwamba msichana atakayerudi kutoka huko ataona haya kuitwa bintiye. Mimi simjui, unamjua wewe, na naweza kuwa nimekosea. Ila ulichokisikia kama kukataa, kisikilize mara ya pili uone kama ndani yake hamna maumivu.

Na unacho cha kumfungulia mazungumzo, tena kinatoka huko huko Gansbaai. Mwaka 2017 mizoga ya papa weupe ilianza kutupwa na bahari kwenye fukwe za pale. Mwili ulikuwa karibu mzima, ini halipo. Waliofanya hivyo ni nyangumi wauaji, na wanaojulikana zaidi ni madume mawili waliopewa majina ya Port na Starboard, kwa kuwa mapezi yao ya mgongoni yamelala, mmoja kushoto na mwingine kulia. Muulize baba: kwa nini nyangumi amwache papa mzima na kuchukua ini peke yake? Atakujibu bila kufungua kitabu. Amechemsha maini hayo uani kwake miaka yote. Anajua ukubwa wake, anajua mafuta yanayotoka humo. Kaeni mlizungumze hilo, na pesa isitajwe siku hiyo.

Habari hiyo ya nyangumi inagusa pia jambo la pili ambalo sina hakika kama umeambiwa. Gansbaai uliyoisoma maktaba ni ya mwaka 2003. Baada ya 2017 papa weupe walianza kuadimika pale, wakawa hawaonekani kwa wiki na hata miezi, na boti nyingi sasa hukutana zaidi na papa wa aina nyingine, wale wa rangi ya shaba. Watafiti wenyewe bado wanabishana kama papa weupe wa Afrika Kusini wamepungua au wamehama kuelekea mashariki. Kwa mtu mwenye kiu ya utafiti, pengine huu ndio wakati wa kuvutia zaidi kuwa pale, bahari inapobadilika mbele ya macho yako. Lakini ikiwa ndani ya moyo wako unakwenda kumwona Nicole, ni vema ujue mapema kwamba unaweza kumaliza miezi 2 na papa mweupe hujamwona.

Waandikie mradi barua pepe leo. Waulize msimu uliopita, katika miezi hiyo hiyo utakayokwenda wewe, boti ilitoka siku ngapi na iliona nini. Bahari ya kule huchafuka kwa mawimbi, upepo wake ni mkali, na zipo siku nyingi ambazo chombo hakitoki. Maji ni ya baridi ambayo mtu wa Mafia hajawahi kuyaingia, hata digrii 12 na chini yake. Waulize pia anayejitolea hufanya kazi gani hasa kutoka asubuhi hadi jioni. Katika miradi mingi ya namna hii utachanganya chambo, utaosha nguo za mpira za kuzamia, utawasaidia watalii wanaoteremshwa majini ndani ya kizimba, na utaandika joto la maji, muda na idadi ya papa. Utapiga picha za mapezi ya mgongoni, kwa kuwa makovu na michongoko ya ukingo wa pezi humtambulisha papa mmoja mmoja. Kazi hizo ni halali na zina mafunzo ndani yake. Lakini kati ya kuosha nguo kwa miezi 2 na kufundishwa kuchambua takwimu pana tofauti ya shilingi milioni 10, na hilo lazima ulijue kabla.

Swali la muhimu kuliko yote ni hili: nani atakusimamia, na je, mwishoni atakuandikia barua ya kukupendekeza kwa jina lake? Jibu la "uzoefu hauonekani" ulilopewa kote huko, mara nyingi linavunjwa na barua ya mtafiti anayejulikana kuliko cheti cha kuhudhuria. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, hilo nalo ni jibu.

Sasa nikuulize na wewe. Uzoefu huna, au unao ila haujaandikwa? Unakaa dikoni na daftari. Umeshika papa nyundo ambaye kitovu hakijaziba. Mtaalamu wa papa akisoma sentensi hiyo ataruka kitini, kwa sababu mtoto mchanga kiasi hicho ana maana kwamba mahali pa kuzalia hapako mbali, na maeneo hayo ndiyo watu wanayoyatafuta ili wajue pa kulinda. Ulimpima? Uliandika mwezi, mahali na jinsia? Baba yako anajua ni mwezi gani wanaanza kuonekana na ni upande gani wa kisiwa. Elimu hiyo haipo Gansbaai, wala haipo kwenye kitabu chochote ulichosoma.

Na papa potwe je? Unajua kwamba madoa yake nyuma ya matamvua, upande wa kushoto, hayafanani kati ya mmoja na mwingine, na kwamba programu inayoyalinganisha ilitokana na hesabu za wanasayansi wa anga za kutambua mpangilio wa nyota. Hapo kwenu Kilindoni ndipo watafiti walipowafunga papa hao vifaa vya kuwafuatilia kwa sauti na kuonyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kwamba papa potwe wa Mafia hawaondoki wote msimu unapokwisha. Wengi wako pale pale, hawaonekani tu juu ya maji. Wewe umekuwa majini nao. Je, picha umezitunza? Umewahi kumwandikia hata mtafiti mmoja wa wale wanaofanya kazi Mafia ukamwambia uko hapo mwaka mzima na unaomba kazi?

Usinisome vibaya ukadhani nakwambia ubaki. Zipo faida za kutoka ambazo kijiji hakiwezi kukupa. Kufanya kazi mahali ambapo hakuna anayekujua kama binti wa fulani, kushika vifaa ambavyo kwetu havipo, kusikia wanasayansi wakibishana mezani wakati wa kula na wewe ukapata ujasiri wa kutia neno. Hayo humbadilisha mtu. Nawaelewa pia wanaotoza ada, kwa sababu mafuta ya boti na mishahara ya watafiti lazima itoke mahali. Ubaya wake ni kwamba mlango unabaki wazi kwa mwenye pesa tu, na ndiyo maana hukuona sura kama yako kwenye zile picha.

Hilo si wewe wa kwanza kuliona. Mwaka 2020 wanawake wanne weusi wa Marekani, wote watafiti wa papa, walikutana kupitia mtandao, wakaona jinsi walivyo wachache, wakaanzisha chama kinachoitwa Minorities in Shark Sciences. Moja ya kazi zake ni kutoa mafunzo ya vitendo bila kuwatoza ada wasichana wanaoingia fani hii. Watafute. Unguja kuna WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi ya Bahari ya Hindi, ambayo hutoa ruzuku za utafiti na kukutanisha wataalamu wa ukanda wetu. Upo pia mfuko wa Save Our Seas wa Uswisi unaofadhili miradi ya papa na taa, hata midogo. Sikuahidi kwamba watakupa. Maombi huchukua muda mrefu na wengi hukataliwa, na wewe unaweza kukaa mwaka mzima ukiandika maombi huku baba mdogo akikuletea posa.

Turudi kwenye pesa. Ukichukua zote ukaenda, unaweza kurudi na barua itakayokufungulia masomo, na siku moja ukamnunulia baba mashine mbili. Unaweza pia kurudi na picha nzuri, bila kazi, ukamkuta kaka bado anagawana na tajiri. Yote mawili hutokea. Kusema utazikopa na kuzirudisha ni maneno ya heshima, lakini mtu wa vibarua atalipa milioni 10 lini? Kabla hujalitamka, lipigie hesabu.

Njia ya katikati ipo, ingawa nayo ina miiba. Waombe mradi wakupunguzie muda ufanye mwezi 1, au wakupunguzie ada kama mwombaji wa nchi ya Kiafrika ambaye tayari anakusanya takwimu za papa nyumbani kwake, au wakusogezee nafasi hadi mwaka kesho ili upate muda wa kutafuta mfadhili. Waandikie waziwazi, kama ulivyoniandikia mimi. Mradi unaoujali uhifadhi kwa kweli utaona thamani ya binti wa mvuvi wa jarife kuliko mwanafunzi anayepitisha likizo. Mwiba wake ni kwamba nafasi iliyosogezwa wakati mwingine hairudi, na moyo nao hupoa.

Bangili za mama ni zake, na kutoa ni haki yake. Lakini kaa naye faraghani umuulize alikuwa amezitunzia nini. Kwa wanawake wengi wa rika lake dhahabu ndiyo bima ya ugonjwa na ya uzee. Akishakueleza na bado akataka kutoa, utakuwa umepokea ukijua ulichopokea.

Kuhusu mashine, umeandika kwamba itawapeleka mbali zaidi kutega jarife. Una hakika? Jarife lenyewe ni la nani, la baba au la tajiri? Ikiwa na wavu ni wa tajiri, basi leo baba hana uhuru wa kuchagua anavua nini. Mvuvi mwenye mashine yake anaweza kufuata jodari na nguru kwa mshipi kwenye maji makubwa. Anaweza pia kuendelea na papa, sitakudanganya. Ungemuuliza ungejua, na kwa kadiri ninavyoona hujamuuliza. Msomi kama wewe ndiye pekee ndani ya nyumba hiyo anayeweza kukaa na baba na kaka wakapiga hesabu ya mwaka mzima, bei ya ng'onda na bei ya jodari, siku za kusi na siku za kaskazi, waone kama jarife bado linawalipa, ikiwa papa wanaoingia humo sasa ni watoto.

Wala usijitwike bahari nzima kichwani. Papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970, na hao hawakumalizwa na mashua ya baba yako. Ni meli kubwa zenye mishipi ya kilomita nyingi na nyavu za kuzungushia. Hata hivyo sikwambii hivyo ili ujifariji, maana wale papa nyundo wachanga wa pwani hawaonani na meli hizo. Wanaonana na jarife. Kweli hizo mbili zinakaa pamoja, na nafikiri wewe una akili ya kuzibeba zote bila kumhukumu mtu.

La baba mdogo lisikilize upande mmoja, upande wa usalama. Waulize mradi wanawake hulala wapi, kama yuko msimamizi mwanamke, kama chakula cha halali kinapatikana, na ukipata shida usiku unampigia nani. Majibu hayo mpe baba mdogo mkononi, yamtulize. Kuhusu safari yenyewe ya msichana peke yake, hilo ni la wazazi wako na shehe mnayemwamini.

Kuna moja la karatasi. Mtanzania huruhusiwa kuingia Afrika Kusini kwa matembezi ya muda mfupi bila viza, lakini kutembea na kufanya kazi ya kujitolea si kitu kimoja mbele ya afisa wa uhamiaji. Ulizia ubalozi wao Dar es Salaam, na jibu ulipate kwa maandishi. Na bima ya safari isome kama inagharimia ajali ya baharini.

Majibu ya mradi yakija, niandikie tena, hasa lile la idadi ya siku ambazo boti ilitoka na lile la nani atasaini barua yako. Yasipofika kabla ya mwisho wa mwezi, waombe tarehe ya amana isogezwe. Ni ombi la kawaida na halina aibu. Na baba mtafute siku ambayo bahari imechafuka hajatoka, umsalimie na kwa niaba yangu.